Paka Watatu, Ndimi Tatu: Kuchagua Chakula Laini cha Dukani Ukiwa Dodoma

Ukifuga paka mmoja, chakula laini cha pakiti au kopo unanunua, unafungua, yameisha. Wakiwa wawili au watatu mambo hubadilika. Mmoja analamba mchuzi wote na kuacha vinofu vikikauka kwenye kisahani. Mwingine anakula vinofu na kuukwepa mchuzi. Wa tatu anapitisha pua mara moja, anakwangua sakafu kwa mguu wa mbele kana kwamba anafukia uchafu, kisha anaenda zake. Hapa Dodoma jambo hili linauma zaidi kwa sababu aina zinazofika madukani ni chache, bei ni ya bidhaa iliyovuka bahari, na joto la Oktoba na Novemba halikuruhusu kuacha chakula kilichofunguliwa kikimsubiri mnyama abadili mawazo.

Nimeishi na paka wa ndimi tofauti kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni huu: paka wengi tunaosema wanachagua ladha, kwa kweli wanachagua namna chakula kinavyokaa mdomoni, harufu yake na joto lake. Jina la samaki au kuku lililoandikwa mbele ya pakiti linafuata baada ya hayo. Anayeanza na jina atabadilisha ladha kila wiki na kutupa kila wiki. Anayeanza na umbile la chakula anaweza kuwalisha wote kwa bidhaa moja au mbili tu.

Hatua ya 1: Watazame wanavyokula sasa

Kabla hujatoa shilingi, tumia siku chache kuwaangalia wakila kile wanachokula leo, hata kama ni ugali na dagaa. Usiwatazame wakiwa pamoja. Mwenye nguvu hula haraka ili amfikie mwenzake, na mnyonge hujifanya hana njaa, hivyo utaandika tabia ya ugomvi ukidhani ni tabia ya ulimi. Mpe kila mmoja chakula chake peke yake, mlango ukiwa umefungwa, kisha uangalie kama anaanza kwa kulamba au kwa kutafuna. Anayelamba kwanza ni mtu wa mchuzi au wa chakula kilichosagwa. Anayeokota kipande kwa meno na kukitoa nje ya sahani anapenda kutafuna, au kipande ni kikubwa mno, au ana jino linalouma, na hili la mwisho utalijua ukimwona anainamisha kichwa upande mmoja akitafuna.

Anayenusa kwa muda mrefu halafu akaondoka, shaka yako iwe kwenye harufu. Chakula kilichotoka kwenye friji hakinukii, na paka mwenye mafua hanusi chochote. Na yule anayekula kidogo, akaondoka, akarudi baada ya saa moja, huyo hana tatizo lolote. Paka kwa asili hula milo mingi midogo kwa siku. Panya mmoja wa nyumbani ana takriban kilokalori 30 tu.

Uliza pia alikulia wapi. Kitoto cha paka hujifunza chakula kwa mama yake na katika miezi yake ya mwanzo. Paka aliyetoka kwenye ghala la mahindi Kibaigwa, akakulia panya na dagaa, ataiona jeli kama kitu kisicholiwa, na hana ukaidi wowote. Hajawahi kukutana nayo. Mwenye historia hiyo mpe muda mrefu zaidi kuliko wenzake.

Andika na umri, na uzito. Kumpima ni rahisi: panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Walio chini ya mwaka mmoja, wenye mimba na wanaonyonyesha wana mahitaji yao, nitayarudia kwenye lebo.

Hatua ya 2: Chagua umbile kabla ya ladha

Ulimi wa paka una vionjeo takriban 470, wakati wa binadamu una karibu 9,000. Utamu wa sukari hauonji kabisa. Watafiti wa kituo cha utafiti cha Monell huko Philadelphia, Marekani, walionyesha mwaka 2005 kwamba jeni moja inayohitajika kuonja utamu imeharibika kwa paka wa nyumbani, na hata kwa chui milia na duma. Anachokionja vizuri ni ule utamu wa nyama na supu. Mwaka 2023 watafiti wa Waltham, taasisi ya utafiti wa wanyama wa kufugwa nyumbani nchini Uingereza, wakaeleza kwa nini jodari huwavutia sana: viambata fulani ndani ya nyama yake vinagusa kionjeo hicho barabara. Lakini kwa sehemu kubwa paka anaamua kwa pua, na baada ya pua ni mguso wa mdomoni.

Chakula laini cha dukani huja kwa maumbo manne. Kipo kilichosagwa kikawa laini na kushikamana, ambacho lebo huandika "pâté" au "loaf". Kipo cha vipande ndani ya mchuzi, "in gravy". Kipo cha vipande ndani ya jeli. Na kipo cha nyama iliyochambuliwa nyuzinyuzi, ambacho mara nyingi ni ghali kuliko vyote na si rahisi kukikuta nje ya Dar es Salaam. Pakiti za gramu 85 utakazoziona zaidi hapa ni za vipande, kwa mchuzi au jeli. Makopo makubwa ya gramu 400 mara nyingi ni ya kilichosagwa, ingawa ya vipande nayo yapo.

Mimi ningekushauri uanze na kilichosagwa, na sababu yake ni ya mfukoni. Kopo moja la aina hiyo unaweza kuligeuza kuwa vyakula vitatu. Kwa anayelamba, chukua vijiko viwili, ongeza maji ya uvuguvugu kijiko kimoja, koroga hadi kiwe kama uji mzito. Kwa anayetafuna, kikate vipande vidogo kwa kisu na usikiguse tena, kishike umbo lake. Kwa wa katikati, kiponde kwa uma tu. Paka watatu wamekula kopo moja, kila mmoja akiamini amepewa chake. Chakula cha vipande hakikupi uhuru huo: ukikiponda kinakuwa vipande vilivyopondeka ndani ya mchuzi, na yule aliyekikataa atakikataa tena.

Ila yupo paka asiyetaka kilichosagwa kwa namna yoyote. Huyo mpe vipande, na kama anaacha vinofu baada ya kulamba mchuzi, vikate viwe vidogo kama punje ya mahindi ili asiweze kulamba mchuzi bila kuokota nyama.

Hatua ya 3: Geuza pakiti usome nyuma

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea na ndipo afya ya mnyama ilipo.

Kitu cha kwanza kutafuta ni neno "complete". Maana yake chakula hicho kina kila anachohitaji paka na anaweza kukila peke yake kila siku. Kikiwa kimeandikwa "complementary", au kinaitwa kitafunwa, hicho ni cha kuongezea juu tu. Vipakiti vingi vizuri vya minofu mitupu ya jodari au kuku viko kwenye kundi hili la pili, na paka huvipenda mno, ndiyo maana mtu anaweza kujikuta anamlisha mnyama wake kitu kisichotosha kwa miezi.

Madhara yake ni makubwa. Paka hawezi kujitengenezea taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, ya kutosha mwilini, lazima aipate kwenye chakula, na ikipungua kwa muda mrefu moyo hutanuka na macho hupofuka. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walionyesha kwamba paka waliokuwa wakiugua moyo wa namna hiyo walipungukiwa taurini, na wengine walikuwa wakila chakula cha viwandani. Baada ya hapo viwanda vikaongeza kiwango. Ugali hauna taurini. Jodari wa kopo la binadamu naye hajakamilika kwa mahitaji ya paka, tena mara nyingi ana chumvi.

Cha pili ni hatua ya umri. Kwa kitoto, mwenye mimba na anayenyonyesha, lebo iseme chakula ni cha ukuaji, cha vitoto, au cha hatua zote za maisha. Mkubwa anaweza kula cha kitoto bila kudhurika, isipokuwa atanenepa. Kinyume chake si sawa: kitoto kisikuzwe kwa chakula cha mkubwa.

Cha tatu ni lile jina la mbele, na hapa naomba usome taratibu. Kwa kanuni zinazofuatwa na watengenezaji wa Ulaya, chakula kilichoandikwa "with tuna", yaani chenye jodari, kinatakiwa kuwa na angalau asilimia 4 ya jodari. Kikiandikwa "rich in", angalau asilimia 14. Kikiandikwa "flavour" kinaweza kuwa chini ya asilimia 4. Kwa kanuni za Marekani neno "with" linadai asilimia 3 tu. Kwa hiyo pakiti ya kuku, ya jodari na ya ng'ombe za kampuni moja zinaweza kuwa na mchanganyiko uleule wa nyama na viungo vya ndani, tofauti yake ikiwa hiyo asilimia chache. Ndiyo sababu kijana wa dukani akiniambia, "Mama, chukua ya samaki, paka wote ni samaki tu," humjibu, "Mwanangu, nipe moja ya mchuzi, moja ya jeli na hilo kopo." Ladha namwachia yeye achague, maana tofauti yake ni ndogo kuliko ya umbo.

Cha nne ni protini. Ukilinganisha pakiti na chakula cha punje, utaona pakiti imeandikwa protini asilimia 8 na punje asilimia 32, ukaona pakiti ni maji matupu. Hesabu haiendi hivyo, kwa sababu chakula laini kina maji karibu asilimia 80 na punje zina asilimia 8 hadi 10. Toa maji kwanza. Pakiti yenye maji asilimia 82 imebaki na 18 ya chakula kikavu. Protini 8 gawanya kwa 18, unapata asilimia 44. Punje zenye maji asilimia 10 zimebaki na 90. 32 gawanya kwa 90, unapata karibu 36. Chombo cha Marekani kinachopanga viwango hivyo, AAFCO, kinataka angalau asilimia 26 kwa mkubwa na 30 kwa anayekua, zikipimwa baada ya kutoa maji. Ukifika dukani na simu yako, hesabu hii ni ya sekunde chache.

Tarehe ya mwisho wa matumizi usiisahau, hasa bei ikiwa imeshushwa ghafla. Kopo lililovimba, lililobonyea kwenye mshono au lenye kutu liache hapohapo. Pakiti iliyojaa hewa nayo iache. Na kama duka linapanga pakiti dirishani ambako jua la mchana linapiga moja kwa moja, omba uletewe za ndani.

Hatua ya 4: Nunua kidogo, hesabu kwa gramu

Mjini utapata chakula laini kwenye supamaketi na kwenye baadhi ya maduka ya dawa za mifugo. Pale Soko Kuu la Majengo na pembeni yake ni vizuri kuulizia maduka ya mifugo hata kama hujaona paka kwenye bango, kwa sababu wenye maduka huagiza wakijua kuna mteja. Whiskas ndilo jina ambalo watu wengi hulitaja kama kwamba ndilo jina la chakula chenyewe, lakini usiingie dukani na jina moja kichwani. Wengine huagiza Dar es Salaam, mzigo ukaja kwa basi hadi stendi ya Nanenane. Ukiagiza hivyo, mwombe muuzaji akupigie picha ya nyuma ya pakiti, siyo ya mbele, na tarehe ionekane. Mwambie pia usingependa mzigo ushinde kutwa juani stendi, nawe ufike kuuchukua mapema.

Usinunue boksi zima kabla paka hawajaonja. Nunua moja ya kila umbo, au boksi dogo la mchanganyiko kama lipo.

Bei ilinganishe kwa gramu 100. Tuseme pakiti ya gramu 85 ni shilingi 2,500 na kopo la gramu 400 ni shilingi 8,000. Pakiti inakugharimu karibu shilingi 2,940 kwa gramu 100, na kopo shilingi 2,000. Kopo limeshinda, ila kwa sharti kwamba litaisha. Mwenye paka mmoja mdogo asiye na friji, kopo litamharibikia na pakiti itakuwa nafuu. Mwenye watatu analimaliza siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Waonjeshe kwa utaratibu

Jaribu aina moja kwa wakati, na kila aina uipe siku tatu au nne kabla ya kuihukumu. Paka wengine hukimbilia kitu kipya siku ya kwanza wakakichoka ya tatu. Wengine hukikataa siku mbili wakakizoea. Ukibadilisha kila siku hutajua nani ni nani, na matumbo yatakusumbua.

Weka kijiko kimoja cha chakula kipya kwenye kisahani chake, kando ya chakula cha kawaida. Usivichanganye mwanzoni. Paka akigundua umechanganya anaweza kukataa vyote viwili, ukampoteza hata kwenye chakula alichokuwa anakula. Akishakubali kijiko, ndipo uongeze kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10 mpaka kichukue nafasi ya kile cha zamani.

Joto la chakula ni nusu ya kazi. Mawindo ya paka yana joto la mwili, karibu nyuzi 38, na chakula kikikaribia hapo harufu hufunguka. Itumbukize pakiti ambayo haijafunguliwa kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika chache, kisha ifungue, koroga, gusa kwa kidole. Kiwe vuguvugu. Kwenye kopo, teka kiasi chake na uongeze maji ya moto kidogo. Asubuhi za Juni na Julai, upepo wa baridi ukiwa unavuma, hatua hii peke yake inaweza kumrudisha mezani paka aliyekuwa amegoma.

Kisahani kiwe bapa na kipana. Kuna paka wasiopenda masharubu yao kugusa ukingo, nao huokota chakula na kukilia chini. Kisiwe karibu na boksi la mchanga, wala mahali watu wanapopita.

Acha chakula kwa dakika 30, kisha kiondoe, ukaribishe mlo mwingine baadaye. Wakati wa majaribio punje zisikae wazi kutwa nzima, maana aliyeshiba hawezi kukupa jibu. Lakini kumshindisha njaa ili "akubali" ni jambo la hatari kwa paka. Asiyekula kabisa kwa siku moja mpaka mbili, hasa aliye mnene, mafuta yanaweza kujazana kwenye ini akaugua vibaya. Saa 24 zikipita bila kugusa chochote, rudisha chakula anachokijua. Akikataa na hicho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kwa mgumu sana, tumia kivutio kidogo juu: supu ya kuku aliyechemshwa kwa maji matupu, au dagaa aliyeoshwa chumvi, akakaushwa, akasagwa na kunyunyizwa. Perege wa Mtera aliyechemshwa na kutolewa miiba hufanya kazi nzuri pia. Vivutio vyote kwa siku visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Mchuzi wa chungu cha nyumbani usitumie, kwa sababu vitunguu maji na vitunguu swaumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, vikiwa vibichi au vimepikwa. Maini mpe kwa nadra, maana vitamini A ikizidi huumiza mifupa. Maziwa huwaharisha wengi wakishakuwa wakubwa.

Andika kwenye karatasi bandika jikoni: jina la paka, umbo la chakula, ladha, ameacha kiasi gani. Baada ya wiki chache karatasi itakuonyesha kitu ambacho macho hayakuona. Mara nyingi utakuta paka anayesemwa nyumbani kwamba "hali kuku" amekataa kuku wa jeli tu.

Hatua ya 6: Tafuta chakula cha wote, kisha ongeza tofauti ndogo

Ukiwa na karatasi hiyo, tafuta bidhaa moja iliyo kamili ambayo wote wanaila angalau kwa namna fulani, hata kama si kipenzi cha yeyote. Hiyo ndiyo iwe msingi, labda robo tatu ya chakula laini unachonunua. Robo iliyobaki ndiyo ya kuwafurahisha: pakiti ya jeli kwa huyu, ya mchuzi kwa yule. Kununua vyakula vitatu tofauti kwa ajili ya paka watatu ni njia ya kuishiwa, na siku kimoja kikikosekana sokoni unabaki na mnyama asiyekula.

Usiwafungie kwenye ladha moja. Ndani ya umbo wanalolipenda, badilisha kuku, ng'ombe na samaki kila baada ya siku chache, hasa kwa wale wa jodari. Paka aliyezoeshwa jodari peke yake huja kukataa kila kitu kingine.

Wakati wa kula watenganishe. Vyumba tofauti ni bora. Kama nyumba ni ndogo, mmoja juu ya meza, mwingine chini, wa tatu nje ya mlango wa jikoni. Kaa nao mpaka wamalize, kisha ondoa sahani zote kwa pamoja. Hili ni la lazima kama mmoja ana chakula cha ugonjwa kutoka kwa daktari.

Hatua ya 7: Kiasi gani kwa siku

Paka mkubwa wa kilo 3 anahitaji takriban kilokalori 160 hadi 190 kwa siku, wa kilo 4 karibu 200 hadi 240. Pakiti ya gramu 85 huwa na kilokalori 60 hadi 90. Kumlisha wa kilo 4 kwa pakiti tupu kunadai karibu pakiti tatu kila siku, na kwa familia nyingi hapa hilo halibebeki. Unaweza kuchanganya bila wasiwasi: pakiti moja, nusu asubuhi na nusu jioni, pamoja na gramu 35 hivi za punje kamili. Mbavu zake zipapaswe chini ya mkono bila kuonekana kwa macho. Zikipotea punguza, zikichomoza ongeza.

Hata hiyo pakiti moja ina faida ambayo Dodoma inaihitaji zaidi ya miji mingi. Paka ametokana na wanyama wa maeneo makame yenye maji machache na hana kiu ya haraka. Kwetu kiangazi ni kirefu, na maji ya visima vingi yana ladha ya chumvi ambayo paka wengine huisusia. Pakiti tatu za gramu 85 zina maji karibu mililita 200, ambayo ni takriban mahitaji yake yote ya siku; moja inampa theluthi. Kwa madume hili ni kubwa, kwa sababu njia yao ya mkojo ni nyembamba na huziba. Dume anayejikamua kwenye mchanga na mkojo hautoki apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Hatua ya 8: Joto na umeme

Chakula laini kilichowekwa kwenye sahani kisipite masaa mawili siku ya joto. Nzi wakishatua, kimekwisha. Kopo lililofunguliwa hamishia kwenye chombo chenye kifuniko, weka kwenye friji, litumike ndani ya siku mbili au tatu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kinuse na ukiwa na shaka kitupe. Njia ninayoipenda ni kugawa kopo kwenye vibakuli vya barafu na kugandisha siku ya kwanza, kisha kuyeyusha kiasi cha mlo mmoja ndani ya friji usiku. Stoo ya makopo iwe ya ndani, mbali na bati.

Hatua ya 9: Kukataa ghafla si kuchagua

Paka aliyekuwa anakula vizuri akaanza kukataa kila kitu ndani ya siku moja au mbili, usimfungulie aina ya nne. Angalia fizi, pua, choo, mkojo, na kama anatoa udenda. Anayeomba chakula, akakikaribia, kisha akarudi nyuma, mara nyingi ana maumivu ya mdomo. Mzee anayekunywa maji mengi na kukonda anahitaji kupimwa figo, na chakula chake akichague daktari.

Hatua ya 10: Jiandae kwa siku bidhaa itakapokosekana

Madukani kwetu bidhaa hupotea kwa wiki kadhaa bila taarifa, na unaporudi unakuta rafu imejaa kitu kingine. Kwa hiyo katika ile karatasi ya jikoni, weka alama kwenye bidhaa ya pili ambayo kila paka aliikubali, na uiwape angalau mara moja kwa wiki ili isiwe ngeni. Zikibaki pakiti kumi na duka halina mpya, usingoje ziishe. Anza siku hiyo kuwahamisha, na mbili za mwisho uzitunze kwa ajili ya yule mgumu kuliko wote, kijiko kimoja kimoja, juu ya chakula kipya.